Farasi Aliyekataa Kuruka

Vijana wangu wa zizini, mmeniomba niandike kila kitu kabla sijakisahau. Kila kitu siwezi, na hata ningeweza msingekisoma, maana nawajua. Habari za vyeo nitaziacha. Nilikuwa navyo viwili vitatu, na hakuna farasi hata mmoja aliyewahi kuniuliza. Nitaandika jinsi nilivyoanza, nani alinifundisha, zana gani tulitumia, na siku moja niliyokosea mbele ya watu wa vilima vitatu. Mama Generose, ambaye tumeongoza naye shirika letu tangu mwanzo, angependa nianze na siku hiyo. Kwa sababu hiyo nimeiweka karibu na mwisho.

Nilifika kwenye ferme ile, shamba la ng'ombe juu ya Ngungu, nikiwa muuguzi wa mifugo aliyetoka shuleni juzi, na viatu vya mjini na begi la sindano. Nilikuja kwa ajili ya ng'ombe. Farasi nilikuwa nimemwona kwenye kitabu tu, amechorwa kwa ubavu, kila kiungo na jina lake. Asubuhi ya kwanza nilifungua mlango wa chumba cha dawa nikamkuta mmoja amesimama pale nje, mkubwa, anatoa mvuke puani, ananitazama kama mtu aliyekuja kudai kitu. Nikarudi ndani, nikafunga. Nikaanza kupanga chupa ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Aliyekuja kunitoa ni Papa Zabuloni, mkuu wa wachungaji, mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu ambayo hakuivua hata juani.

"Dokta, toka tu," aliniita kupitia dirishani. "Ile haikulaka bantu. Inakulaka majani."

Mimi sikuwa daktari na yeye alijua. Aliniita Dokta kwa miaka yote, na kila aliponiita hivyo nilijua kuna jambo nimefanya vibaya.

Yote ninayoyajua kuhusu farasi yalitoka kwa mzee huyo, aliyejifunza kwa baba yake, ambaye naye alikuwa mchungaji kwenye vilima hivi hivi. Alinifundisha kuongea kwanza kabla ya kusogea, tena kuongea maneno ya kweli, si kupiga miluzi ya woga. Alinionyesha jinsi farasi mjanja anavyovuta pumzi ukimfunga mkanda wa tandiko, ili ukishapanda aitoe na wewe uteleze mpaka chini ya tumbo. Nilitelezeshwa mara nne kabla sijaamini. Alinipa kisu cha kuchonga kwato, alichotengenezewa na mhunzi kwa chuma cha springi ya lori. Kisu hicho bado kinaning'inia kwenye msumari wa pili, kushoto ukiingia. Yeyote atakayekitumia kumenya mihogo, nitarudi kwa ajili yake.

Lakini somo alilolipenda Papa Zabuloni kuliko yote lilikuwa la malango. Nyinyi mmelikuta kama mchezo, kwa hiyo lazima nieleze lilivyokuwa kazi. Mashamba ya ng'ombe ya Masisi yamegawanywa kwa uzio, na mchungaji hupita malango mengi kwa siku. Lango lenyewe ni mti mmoja mrefu. Upande mmoja umefungwa kwa kamba kwenye nguzo, upande wa pili umelala kwenye panda ya nguzo nyingine. Mchungaji anafika na farasi wake, farasi anasimama, anageuka ubavu ili mguu wa mpandaji uwe sawa na panda, anatulia. Mpandaji anainama, anainua mti, anausukuma. Wanapita. Farasi anazunguka mwenyewe, mti unarudishwa mahali pake, wanaendelea. Haya yote bila kushuka. Ukisahau kufunga, ng'ombe wako kwenye maharagwe ya jirani, na jambo hilo litamaliziwa kwa chifu. Mchungaji aliyeshuka chini kufungua lango alichekwa mpaka Jumapili. Mimi nilishuka kwa miezi mingi, na nilichekwa Jumapili zote.

Farasi bora wa malango alikuwa mmoja wa rangi ya udongo, mwenye masikio makubwa kupita kiasi. Papa Zabuloni alimfundisha tangu akiwa mtoto, na kwa Kiswahili cha kwetu alimpa jina la kazi yake, Mulango, yaani lango. Huyo ungeweza kumlalia usingizini, akifika kwenye mti atasimama, atageuka ubavu na kungoja.

Kisha ikaja miaka ya vita mnayoijua, na ng'ombe wakaisha, wengine kwa kuuzwa na wengine kwa kuchukuliwa. Mwenye ferme akaondoka. Alituachia nyumba ya mabati, majani ya kutosha nchi nzima na farasi wanne, akasema tuwaangalie mpaka atakaporudi. Hakurudi. Nikawa muuguzi wa mifugo asiye na mifugo, na Papa Zabuloni mchungaji asiye na cha kuchunga. Tulikaa pale kwa ukaidi tu. Kila asubuhi tulipiga farasi brashi kana kwamba kuna mtu atakuja kuwakagua.

Aliyekuja alikuwa Mama Generose. Alikuwa akifanya kazi kwenye kituo cha afya huko chini ziwani, upande wa Kirotshe, kazi ya kunyoosha viungo vya watu, ambayo kwa Kifaransa huitwa kine, ndiyo maana watoto wanamwita Mama Kine. Alipanda kwa pikipiki siku ya mvua, matope mpaka kiunoni, na salamu yake ya kwanza ilikuwa swali.

"Ni nyinyi njo muko na bafarasi?"

"Ni siye, mama."

"Banaumaka?"

"Mara moja moja. Kama muntu anastahili."

"Bon. Niko na mutoto hawezi kukaa bila kuegemea. Mugongo haina nguvu. Nilisoma ya kama farasi ikitembea, mugongo ya mutoto inatembea pamoja nayo. Sijui kama ni kweli. Nataka tujaribu."

Nilimwambia hiyo ni hatari. Papa Zabuloni alikuwa ameshaenda kumleta jike letu la upole, Bibi.

Mtoto huyo alikuwa wa miaka saba. Siku ya kwanza tulimshikilia watu watatu, mmoja kila upande na mmoja nyuma, na Bibi alitembea polepole kabisa. Wiki baada ya wiki tukapunguza mikono. Kabla ya msimu wa maharagwe kwisha alikuwa amekaa peke yake, mgongo umenyooka, anapungia kuku. Mama yake alilia sana, kisha akafuta machozi akauliza kama farasi anaweza pia kulima. Ndivyo shirika letu lilivyoanza. Mama Generose aliongoza upande wa watoto, mimi wa farasi, nikaitwa Moniteur, yaani mwalimu, na kila mmoja aliamini mwenzake amechukua upande mwepesi.

Baada ya wale wenye viungo dhaifu wakaja vijana wengine, wa kambi za waliokimbia, walioacha shule, na wawili watatu ambao wazazi wao walituletea wakisema tu, "Huyu alitushinda." Mnajua utaratibu: asubuhi shule, mchana farasi, na asiyekwenda shule hapandi. Tena hapandi mpaka apitie fagio, brashi na kuongoza kwa kamba. Mama Generose ndiye aliyeuweka, nami nilisema watoto watakimbia. Hawakukimbia. Kijana ambaye hakuna aliyemkabidhi kitu tangu azaliwe, ukimkabidhi mnyama wa kilo mia nne na kumwambia "huyu ni wako mpaka jioni," anabadilika hata anavyosimama.

Matandiko ya kwanza yalikuwa magunia yaliyojazwa majani makavu. Baadaye tulimpata fundi viatu wa Bweremana, ambaye hakuwahi kugusa farasi. Nilimpelekea mchoro nilioupiga mwenyewe. Akashona tandiko zuri kabisa, la ngozi ya ng'ombe, na ubavuni akaweka mfuko mdogo wenye kifungo. Nilipomuuliza wa nini, alishangaa. "Papa, simu utaweka wapi?" Mpaka leo matandiko yetu yote yana mfuko.

Sasa niwaambie habari ya Mapendo. Mnamjua alivyo leo, kwa hiyo futeni hayo kwanza.

Aliletwa na baba yake mdogo, Papa Faustin, kutoka Walikale, msituni kabisa. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na mama yake alikuwa ameshafariki. Alikuwa ameanguka kutoka juu ya lori lililobeba magunia, kwenye ile njia yao ya matope, na mkono wa kushoto ukavunjika ukaunga vibaya. Ulikuwa unaning'inia, vidole havifungi. Mama Generose alimfanyia kazi miezi kadhaa, kisha akamwambia Papa Faustin ukweli, kwamba mkono utapata nguvu kidogo lakini hautarudi.

Papa Faustin alikuwa mkulima na mwindaji, mpole, mwenye sauti ya chini. Mimi nilikuwepo alipojibu.

"Basi nitarudi naye. Kule iko bandugu, iko batoto ya kumulinda. Nitamuacha namna gani kwa bantu, na mukono moja? Nani atamusaidia?"

"Hapa anasoma," Mama Generose alisema. "Iko wa tatu mu darasa."

"Kusoma ni muzuri. Lakini muntu akikamatiwa kila kintu na bengine, ata akisoma, iko namna gani?"

Mapendo alikuwa amekaa kwenye benchi, anautazama mkono wake. Akasema bila kuinua kichwa, "Baba, miye nataka kubakia."

Papa Faustin hakukasirika. Alisema atamwacha mpaka Jumatatu ya Pasaka. Siku hiyo atarudi. Akiona kwamba mtoto anaweza kufanya jambo kamili, mwanzo mpaka mwisho, bila mtu kumshikia, atamwacha amalize shule. Asipoona, watapanda lori pamoja. Tukapeana mikono. Yalikuwa masharti ya haki, na hilo lilinitia hofu zaidi kuliko kama angekuwa mtu mbaya.

Mapendo hakuwa amewahi kuona farasi kabla ya kuletwa kwetu, lakini hakujifungia kwenye chumba cha dawa kama mtu fulani. Tatizo lilikuwa hatamu. Farasi wetu wadogo, waliozaliwa baada ya ferme kufa, walitaka kushikwa kwa mikono miwili. Mulango peke yake ndiye aliyemkubali. Alikuwa mzee sasa, midomo imening'inia, na alikubali kuelekezwa kwa mguu tu, kama Papa Zabuloni alivyomfundisha. Nikamwachia Mapendo farasi huyo, na kwa kuwa sikujua nimpe kazi gani nyingine, nikampa ya kuwaleta farasi wote kutoka malishoni kila jioni. Kutoka malishoni hadi zizini kuna malango matano. Kazi hiyo haikuwa na heshima yoyote machoni pangu. Nilimpa ili asikae bure.

Mwezi wa kwanza nilimwona anashuka kila lango, anafungua, anapita, anafunga, anatafuta jiwe la kupandia. Baada ya hapo sikumtazama tena. Nilikuwa na mambo makubwa kichwani.

Mambo makubwa yalikuwa haya. Kijana mmoja alikuwa amenionyesha kwenye simu mashindano ya farasi ya nchi za mbali. Farasi wanaruka vizuizi, watu wanapiga makofi, mpandaji anavua kofia. Nikaona hicho ndicho tunachokosa. Watu waliokuja kutazama watoto wetu walikuja na uso wa msiba, na mimi nilichoka na huruma zao. Nilitaka wapige kelele kama wanavyopiga kwenye mpira. Kwa hiyo nikatangaza kwamba Jumatatu ya Pasaka tutafanya sikukuu ya kuruka vizuizi.

"Bafarasi yetu banajua kuruka?" Mama Generose aliuliza.

"Batajifunza."

"Na Mulango?"

"Ata yeye."

"Deo," aliniambia, na anaponiita kwa jina langu la ubatizo nakaa sawa, "juu ya nini tusionyeshe kile banajua?"

Nilimjibu kwamba kile wanachojua si mchezo. Neno hilo nililisema mimi, wala sina wa kumsingizia.

Farasi wadogo wawili walijifunza upesi. Mulango hakujifunza. Nilitundika mwanzi mmoja kwenye mapanda mawili, chini kabisa, hata mbuzi angeuvuka bila kufikiri. Mulango alikuja mbio nzuri, akafika, akasimama, akageuka ubavu, akatulia. Tukarudia. Akasimama, akageuka ubavu, akatulia. Nilijaribu chumvi, nikajaribu kumfuatisha nyuma ya wenzake, na siku moja, naandika hili nikiona aibu, nilikata fimbo. Nilimpiga mara mbili. Alitetemeka ngozi, lakini hakusogea hata kwato moja, na masikio yake makubwa yalinigeukia kama anauliza nimepatwa na nini.

Mapendo alishuka, akasimama kati yangu na farasi.

"Papa Moniteur, haogopi. Iko nangojea bafungue."

Nilimsikia vizuri kabisa. Nikamwambia ampeleke zizini.

Siku tatu kabla ya Pasaka nilimwita nikamwambia hatashindana. Atazunguka uwanja na bendera, itatosha. Macho yake yalijaa maji mara moja.

"Kuzunguka na bendera haiko kintu kamili," alisema. "Baba alisema kintu kamili."

"Mulango akisimama mbele ya bantu, utafanya nini? Batacheka."

"Bacheke."

Mama Generose alikuwa nyuma yangu, anakunja bandeji. "Umuache aende," alisema. Nikaandika jina la Mapendo la mwisho kwenye orodha. Nilimwagiza kwamba farasi akikataa, atoke kwa upande wa kushoto kwa heshima, nami nitawatangazia watu kwamba farasi anaumwa mguu. Nilikuwa nimeshatayarisha uongo mzima.

Jumapili tulipanga uwanja. Mnajua uwanja wetu unateremka. Kila mwanzi uliodondoka ulibingirika mpaka bondeni, na vijana walichoka kuukimbiza. Nikapata akili. Tukakata kamba, na kila mwanzi tukaufunga upande mmoja kwenye nguzo yake, upande wa pili tukaulaza kwenye panda. Vizuizi vitano vya namna hiyo. Nilijisifu sana kwa kamba zile. Papa Zabuloni, ambaye kwa uzee alikuwa anatembelea fimbo, alipita, akatazama kazi yetu, akanitazama mimi, na akaenda zake anacheka peke yake. Nikadhani ni umri.

Siku yenyewe mvua ilinyesha asubuhi ikakatika baada ya Misa. Watu walijaa. Wachungaji walikuja na fimbo zao, mama wauza mandazi na wauza jibini wakajipanga kwenye mteremko. Papa Faustin alifika amechoka, siku mbili njiani, amebeba bidoni ya mafuta ya mawese na asali ya msituni. Chini ya kwapa alikuwa na mfuko mpya wa safari, mtupu. Nilijua ni wa nini. Alisimama karibu nami, akaniambia lori linaondoka kesho asubuhi.

Farasi wadogo waliruka vizuri, mmoja aliangusha mianzi miwili, watu wakapiga kelele kama nilivyoota. Kisha akaingia Mapendo juu ya Mulango, mkono wa kushoto umelala pajani, hatamu kwenye mkono wa kulia.

Mulango alikwenda mwendo mzuri mpaka kizuizi cha kwanza. Akasimama. Akageuka ubavu. Akatulia.

Watu wakacheka. Si kicheko kibaya, lakini kilikuwa kicheko, na kilipanda mteremko mzima. Papa Faustin aliushika mfuko wake vizuri zaidi. Mimi nilifungua kinywa kuanza uongo wangu wa mguu.

Mapendo alilaza hatamu kwenye shingo ya farasi, akaziachia. Akainama na mkono wake mmoja, akainua mwanzi kutoka kwenye panda, akausukuma. Mulango akapita. Akazunguka mwenyewe. Mapendo akauvuta mwanzi, akaurudisha kwenye panda, akaujaribu kwa kiganja kama umekaa. Kisha akachukua hatamu na kuelekea wa pili.

Alipofunga ndipo kicheko kilipokatika. Watu wale wote walikuwa wamezaliwa kati ya malango. Wazee walioketi wakasimama. Kwenye lango la pili, maana sasa sikuweza tena kuliita kizuizi, hata mandazi yaliacha kuuzwa. Alifungua, akapita, akafunga. Kwenye la tatu Mulango aliteleza matope, na Mapendo, bila hatamu, bila mkono wa kujishikia, alimrudisha sawa kwa magoti tu. Mchungaji mmoja nyuma yangu alivuta pumzi kwa sauti. La nne. Kwenye la tano wachungaji walianza ule mluzi mrefu wanaopiga ng'ombe wote wakiwa wameingia. Nilimwona Papa Zabuloni amevua kofia yake ya sufu. Sikuwahi kujua kwamba ana upara.

Mimi nilikuwa natazama kamba zangu. Nilikuwa nimejenga malango matano kwa mikono yangu mwenyewe, nikawapigia mbiu watu waje kuona farasi akishindwa kuyaruka.

Papa Faustin hakuelewa. Kwao hakuna ng'ombe wala uzio. Alinivuta mkono wa shati.

"Juu ya nini banapiga miluzi?"

"Papa, muntu mukubwa anajifunzaka ile miaka mbili. Miye mwenyewe nilikuwaka nashuka chini."

"Na farasi, nani anaishika?"

"Hakuna. Anaiambia na miguu."

"Na kufunga? Ni yeye mwenyewe anafunga?"

"Uliona muntu mwingine?"

Papa Faustin aliteremka mpaka Mapendo aliposimama, watoto wamewazunguka. Nilimfuata kwa sababu nilikuwa na woga wa kubaki peke yangu. Alimtazama mtoto, akamtazama farasi kwa mbali kidogo, akakohoa.

"Mapendo. Kwetu Walikale hatuna farasi."

"Najua, baba."

"Hatuna ata hii milango."

"Najua."

Akaugeuza ule mfuko mtupu mikononi, akampa. "Basi utawekea bitabu."

Jioni hiyo, tukinywa maziwa nyumbani kwa Mama Generose, Papa Faustin aliniambia kwamba miezi yote alikuwa akijiuliza jambo moja tu, siku atakayokufa nani atamfanyia mtoto huyu mambo yake. Alisema hayo, akageuka upande, akajifanya anatafuta sukari. Nami nililia bila kutafuta chochote, nilikuwa nimechoka kujikaza.

Mnajua yaliyofuata, maana mmeyakuta. Kila Jumatatu ya Pasaka tunashindana malango, na asiyefunga lango lake anatolewa hata awe wa kwanza. Mama Generose hakuniambia kamwe kwamba alinionya. Kila mwaka, Jumapili ya kupanga uwanja, alinikabidhi kamba tu na kusema, "Deo, ufunge upande moja, unajua." Papa Zabuloni alituacha kwa amani, akifuatiwa na Mulango msimu mmoja baadaye. Tulimzika Mulango karibu na lango la tano. Mapendo alimaliza shule, akasomea kazi ya Mama Generose, akarudi. Leo yeye ndiye anayeniondoa kwenye kiti changu, na naye anawafokea kwa sababu ya mkanda wa tandiko usiokazwa. Msikilizeni.

Ijumaa iliyopita ndipo nilipokabidhi funguo. Nilikataa hotuba. Nilimpiga brashi kila farasi, nikamshika sikio kila mmoja, nikatundika kisu kwenye msumari wa pili. Kisha nikatoka kwa miguu, mzigo wangu begani, nikipitia njia ya malishoni kwa sababu sikutaka kuonana na mtu. Nilikuwa nalia kama mtoto na macho hayaoni mbali. Nilifungua lango la kwanza, nikapita, nikaendelea kutembea.

Sikufika hatua ishirini. Sauti ilinijia kutoka zizini, ile ile anayowafokea nayo nyinyi.

"Papa Moniteur! Mulango!"

Nikageuka. Mti ulikuwa umening'inia wazi, na farasi mdogo alikuwa ameshaanza kuunusa. Mapendo alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi, mkono mmoja kiunoni, hacheki. Nikarudi zile hatua zote, nikainua mti, nikaulaza kwenye panda, nikaujaribu kwa kiganja kama umekaa.

"Aya," akasema. "Sasa uende."